Sentimita zangu 71

Ukuta wenyewe ni wa shule moja ya Katuba, mtaa wa Lubumbashi huku Kongo, upande wa nyuma, unaotazama kiwanja chetu cha baskiti. Ukiusogelea unakuta mistari ya chaki na ya rangi ya mafuta imepandana kama ngazi, kila mstari na herufi mbili za jina pembeni. Mmoja wa ile ya juu kabisa ulikuwa wangu. Niliuweka mwaka 2009, nikiwa na miaka 17, siku kocha alipotupima detanti. Unasimama ubavu kwa ukuta, unanyoosha mkono, unagusa kwa vidole vilivyopakwa chaki. Halafu unaruka hapo hapo ulipo, bila kukimbia, unagusa tena. Umbali kati ya alama mbili ndiyo namba yako. Yangu ilikuwa sentimita 71. Kuanzia jioni ile mtaa mzima ukaniita Resori, yaani springi.

Sasa nitoe siri niliyoificha miaka mingi. Kwenye alama ya kwanza sikunyoosha bega. Ukiliacha bega lilegee kidogo, alama ya chini inashuka sentimita nne au tano, na namba yako inapanda ingawa miguu imefanya kazi ile ile. Ujanja huo nilifundishwa na yaya wangu, mtoto wa kwanza wa mama, ambaye naye alifundishwa na wenzake. Kocha alikuwa ameshika futi ya fundi seremala mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Bega la nani angelichunguza?

Siku hiyo tulipimwa mambo manne. Baada ya ukuta zikaja pompi za dakika moja, hizo ambazo wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaziita pushapu. Kisha navette: mistari miwili iliyoachana mita 20, unakwenda na kurudi ukifuata mlio wa spika, na kila dakika mlio unazidi kuharakisha. Testi hiyo ni ya Luc Léger wa Montréal. Inaanza kwa mwendo wa kilomita 8.5 kwa saa na kupanda nusu kilomita kila palie, yaani kila ngazi ya dakika moja. Mwisho ikawa Cooper, dakika 12 za kuzunguka kiwanja cha soka mpaka mate yanakuwa gundi. Jioni kocha akajumlisha, akaandika majina 12 ya kwenda Likasi. Jina langu lilikuwa la kwanza.

Jirani yangu hakuwemo. Alikuwa na miaka 15, mwembamba, sauti bado ya kitoto. Alipiga pompi tisa, na hiyo ya tisa tulibishana kama ihesabiwe. Lakini kucheza na mtoto yule ilikuwa raha: ukikata kwenda pembeni, mpira unakukuta pale kabla hujageuka kuuomba. Sisi tuliocheza naye kila jioni tulilijua hilo. Nadhani hata kocha alilijua, ila daftari lilikuwa limeandika tisa.

Likasi ni kama kilomita 120 kutoka Lubumbashi. Tulifika na vumbi mpaka kwenye kope, tukafungwa vibaya, tukarudi bila kuimba. Niliruka kuliko kila mtu kiwanjani siku ile. Nilikuwa napanda, nafika juu kabisa, halafu nikiwa kule juu naanza kufikiri nifanye nini na mpira. Mara mbili niliutuma kwa watazamaji. Miaka mitatu baadaye yule jirani, ambaye sasa alikuwa amenipita kwa urefu, alikuja na timu nyingine ya mjini akatumaliza kwenye kiwanja chetu wenyewe. Alicheza taratibu, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Mwisho wa mchezo alinijia na kunishika bega, bega lile lile. "Resori, vipi?"

Mtu angedhani somo liliniingia. Halikuniingia.

Nilianza kufundisha watoto mwaka 2016, na kitu cha kwanza nilichonunua, kabla hata ya mpira wa pili, ni daftari la kurasa mia moja na kronometa. Ili unielewe lazima ujue kazi hii ilivyo huku kwetu. Mazoezi ndiyo sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni Jumapili baada ya misa, pale mzazi anapokusimamisha njiani: "Papa kocha, mtoto wa fulani amepita, wa kwangu amebaki. Kwa nini?" Ndani ya swali hilo yamo mengine ambayo hayasemwi. Umepewa kitu? Huyo ni wa kwenu? Lubumbashi imejengwa na watu waliotoka kila upande kufuata shaba, na ina kumbukumbu ndefu ya nani alimtendea nani nini. Basi nikagundua kwamba nikifungua daftari na kusema, "Mama, wako amepiga pompi 14, huyu 31," mazungumzo yanakwisha pale pale. Pompi hazina kabila wala hazina mjomba kwenye kamati. Kocha asiyejiamini, na mimi nilikuwa hivyo, anaipenda namba kwa sababu inabeba lawama badala yake.

Kwa hiyo nikawa napima. Nilikuwa napima kila kitu. Nilitoa kwenye intaneti, kwa mwenye sekretarieti ya mtaani, kibanda cha kuchapa karatasi, jedwali la Kifaransa linaloonyesha mtoto wa umri fulani anatakiwa afike palie gani, nikalibandika kwenye jalada la daftari kama picha ya mtakatifu.

Kulikuja Jumamosi moja ya mwezi wa sita, ule wakati wa baridi ambapo asubuhi za Lubumbashi zinauma masikio. Walikuwepo watoto 23. Tulianza na navette. Kwenye palie ya nne mtoto mmoja wa miaka 13 hivi akakaa chini, kisha akalala ubavu kama mtu aliyeamua kupumzika. Mama anayeuza vitumbua langoni alimfikia kabla yangu. Akamshika mikono, akamtazama macho, akanigeukia.

"Papa kocha, huyu mutoto iko na njala. Ulimuuliza kama alikula?"

Sikumuuliza. Mtoto alikuwa ametoka Ruashi kabla ya mwanga, kwa miguu, ili pesa ya taksi ibaki nyumbani. Jana yake usiku bukari, ugali wetu, ilikuwa imewatosha wadogo tu. Alipewa vitumbua viwili na chai yenye sukari nyingi, akakaa kidogo kwenye jua, na kabla sijapata la kusema akaniuliza, "Yaya, naweza kurudia?"

Nilisimamisha kila kitu. Nikachora safu mpya pembeni mwa ukurasa, nikaandika juu yake: Amekula nini? Nikapita mmoja mmoja. Watoto tisa hawakuwa wametia kitu mdomoni tangu jana. Wengine walikuwa na chai tupu. Nikalinganisha safu ile na matokeo, na aibu ikanishika mwenyewe bila kusemwa na mtu: wengi wa wale tisa walikuwa chini kabisa ya orodha. Jedwali langu la Kifaransa lilikuwa linawalinganisha na watoto waliokula mkate na maziwa asubuhi. Kwa miaka miwili nilikuwa nimepima chai, nikiiita pumzi.

Wiki mbili baadaye wazazi walichanga, tukanunua mikate, sukari na karanga za kuchemsha, tukala pamoja, tukangoja saa moja na nusu ndipo tukakimbia. Yule wa Ruashi alifika palie ya nane.

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo yaliyokuwa mbele ya macho yangu siku zote. Ndugu wawili walikuwa wanashirikiana raba moja, namba 42. Mkubwa anakimbia, anavua, mdogo anavaa ikiwa bado na joto la mwenzake, na mguu wa mdogo ni 40. Namba niliyomwandikia yule mdogo ilikuwa ya mguu au ya kiatu? Halafu kuna umri. Wengine waliandikishwa wakiwa tayari wanatembea, wengine wana tarehe mbili za kuzaliwa, moja ya nyumbani na moja ya mashindano. Hapo sitaki kuchimba sana. Kila aliyefundisha watoto Kongo ananielewa.

Lakini haya yote ni madogo mbele ya kosa ninalotaka kulisimulia kweli.

Nilikuwa na mtoto wa miaka 14, mtulivu, mwenye mikono mirefu na kichwa cha mchezo. Mwezi wa tatu aliruka sentimita 48. Mwezi wa sita, 46. Mwezi wa tisa, 43. Wenzake wote walikuwa wanapanda, yeye peke yake anashuka. Nikajua sababu, au nilidhani naijua: simu, wasichana, uvivu. Nikamtengenezea dawa. Kila jioni, baada ya wenzake kwenda nyumbani, alibaki kuruka juu ya matairi mara hamsini, na Jumamosi aliruka akiwa na mfuko wa mchanga mabegani. Alitii. Hakulalamika hata siku moja, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kwamba anayelalamika si mchezaji.

Mwezi wa kumi na mbili mama yake alikuja kiwanjani. Hakutuma mtu, alikuja mwenyewe, katikati ya mvua.

"Mwapoleni, papa."

"Mwapoleni, mama. Karibu."

Hakukaa. Alimwita mtoto, akampandisha suruali. Chini kidogo ya kofia ya goti, kwenye miguu yote miwili, palikuwa na nundu ngumu kama nusu ya ndimu. Mama akaigusa kwa kidole kimoja na mtoto akafumba macho. Akasema tu, "Usiku analia. Anafikiri sisikii."

Tulimpeleka kwa kine, mtaalamu wa viungo, mzee mmoja anayesema polepole. Aliangalia, akabonyeza, akasema hiyo inaitwa Osgood-Schlatter, inawapata watoto wanaoruka na kukimbia sana wakati mifupa inakua haraka. Mfupa unatangulia, alisema, misuli inabaki nyuma. Ule mshipa mgumu unaotoka kwenye goti unajishika juu ya muundi, mahali ambapo kwa mtoto bado ni laini, na kila anaporuka unavuta pale. Ukivuta mara hamsini kila jioni, panavimba. Kisha akaniuliza swali jepesi.

"Mwaka huu amekua sentimita ngapi?"

Nilikuwa na daftari mkononi. Nilikuwa na pompi zake, palie zake, kuruka kwake, dakika 12 zake. Urefu wake sikuwa nao.

Mama ndiye aliyekuwa nao. Tulipofika nyumbani kwao alinionyesha mwimo wa mlango wa jikoni, ambako kila Januari alikuwa anawasimamisha watoto wake wote na kuchora kwa msumari. Tulimsimamisha mtoto, tukapima kutoka alama ya Januari: sentimita tisa. Testi ya maana kuliko zangu zote ilikuwa imechorwa kwenye mlango wa jikoni na mama asiyejua navette ni nini.

Nilirudi kwa kine mara mbili tatu peke yangu, nikamletea munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, nikamwomba anielimishe. Alinieleza kwamba wavulana wengi wanarefuka kwa kasi kubwa karibu na miaka 14, wasichana karibu na 12, lakini hiyo ni wastani tu. Mmoja anaanza mapema sana, mwingine anachelewa, na wote ni wazima. Watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kusimama bega kwa bega, mmoja karibu mwanaume na mwingine bado mtoto kabisa. Nguvu inafuata nyuma ya urefu. Kwa muda wa katikati mtoto ana miguu mipya asiyoijua, anajikwaa, anapitwa hata na namba zake mwenyewe. Aliyewahi kukomaa anakuwa mfalme wa testi akiwa na miaka 14 au 15. Kisha wengine wanamfikia.

Nilimsikiliza huku nikijishika kidevu. Mimi nilikuwa na ndevu nikiwa na miaka 14. Mwaka 2009 wakati ninaruka sentimita zangu 71 (tuseme 66) mwili wangu ulikuwa umemaliza safari, na yule jirani wa pompi tisa alikuwa hajafunga hata mzigo.

Na kinachonikera mpaka leo ni kwamba testi haikunidanganya. 48, 46, 43: namba zile tatu zilikuwa zinapiga kelele kwamba huyu mtoto anakua, mpunguzie. Nilizisoma kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwingine. Nilikuwa nimezoea kuuliza nani ni bora kuliko nani, basi kila namba niliyopata niliipeleka kwenye swali hilo.

Mtoto alipumzika kuruka miezi kadhaa. Hatukumfukuza kiwanjani. Alirusha mpira akiwa amesimama, alidundadunda akiwa amekaa kwenye benchi, kushoto na kulia, mpaka watoto wadogo wakawa wanakuja kumtazama. Alipimiwa urefu kila mwezi, mlangoni kwa mama yake.

Watoto wa sasa wana simu, na wananishinda kwa habari. Nikisema tupime, kuna mmoja lazima atasema: "Yaya, mbona Kevin Durant hakuinua chuma hata mara moja?" Ni kweli. Mwaka 2007, kwenye vipimo vya kabla ya drafti ya NBA, pale timu za ligi ya Marekani zinapochagua vijana kwa zamu, Durant alilazwa kwenye benchi chini ya chuma cha pauni 185, kama kilo 84, na hakuweza kukisukuma hata mara moja. Watu wakacheka. Akachaguliwa wa pili, na mwaka 2014 akawa mchezaji bora wa ligi. Wanaongeza na Nikola Jokić, aliyechaguliwa wa 41 mwaka 2014, anayeruka kama mimi wa leo, na bado akatwaa tuzo hiyo hiyo mara tatu.

Nawajibu kwamba hadithi ya Durant wanaisimulia nusu. Kabla ya benchi ile alikuwa amecheza mwaka mzima chuo cha Texas akifunga wastani wa pointi 25.8 kwa mchezo, na alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa mwaka wa kwanza kupewa tuzo ya Naismith, ya mchezaji bora wa vyuo. Waliomchagua walikuwa wamemtazama akicheza. Chuma kiliwaambia jambo moja, kwamba mikono yake bado haijajaa, nao wakalichukua kama lilivyo. Huwezi kutoka hapo ukasema nguvu ni bure. Mkasema hivyo mbele yangu, nawapa pompi kumi za utani.

Halafu nawaletea mtoto wa hapa hapa. Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999, akacheza soka kwanza, baskiti ikaja baadaye. Kule chuo cha Kentucky mwaka 2022 alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani, akiokota ribaundi, mipira iliyokosa kikapu, zaidi ya 15 kwa mchezo kwa wastani. Nguvu ya yule bwana chini ya ubao huhitaji futi kuiona. Mwaka 2023 drafti ilisomwa majina yote na lake halikutajwa. Ikabidi aingie kwa mlango mwingine, wa mkataba mdogo. Kwa hiyo mmoja alishindwa chuma akaitwa wa pili, mwingine ana nguvu za fahali na hakuitwa. Nikiwaambia hivyo wananyamaza, wanatafuta wa tatu wa kutuamulia.

Wa tatu kwao huwa ni Bismack Biyombo, aliyezaliwa mji huu mwaka 1992, mwaka wangu. Kila mtu wa umri wangu hapa atakuambia alicheza naye. Mimi sikucheza naye. Mwaka 2011 huko Portland, akiwa na timu ya vijana wa dunia dhidi ya Wamarekani, alipata pointi 12, ribaundi 11 na kuzuia mipira 10, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kwenye mchezo ule wa kila mwaka, na miezi michache baadaye akachaguliwa wa saba. Emmanuel Mudiay wa Kinshasa naye alichaguliwa wa saba, 2015. Jonathan Kuminga aliyezaliwa Goma, wa saba tena, 2021. Watoto wangu wanaamini saba ni namba ya Kongo, na sijapata sababu ya kuwakatalia.

Nguvu ina kazi yake, na nilipogombana na daftari nilivuka mpaka upande wa pili. Kwa karibu mwaka mmoja sikupima chochote. Tukacheza tu. Tulikwenda kucheza na timu moja ya wakubwa kidogo, na vijana wangu wenye akili nyingi walisukumwa chini ya ubao kama mapazia. Msichana mmoja wangu alishuka kutoka kwenye ribaundi na magoti yake yakaingia ndani, yakagongana, akaanguka. Hakuumia sana, Mungu ni mwema, lakini nilijua nilichokiona. Ningekuwa nimemtazama akiruka na kutua hata mara kumi mbele ya ukuta ningekiona mapema. Basi nikarudi ukutani. Siku hizi mtoto anaporuka siangalii mkono unafika wapi. Mwenzake ndiye anayeandika hiyo. Mimi nimechuchumaa, naangalia magoti wakati wa kutua.

Nikagundua pia kwamba nguvu nyingine zilikuwa zinapita pembeni yangu. Maji yakikatika mtaani, watoto wanabeba bidoni za lita 20 kutoka mbali, moja kichwani, mara nyingine na ndogo mkononi. Kuna msichana ambaye pompi zake hazikuwahi kuvuka nane, na hakuna mvulana aliyeweza kumtoa mahali alipojisimamisha chini ya ubao. Nilipomuuliza siri yake alinishangaa. Nyumbani kwao ni yeye anayejaza pipa.

Wasichana ndio walionifunza jambo lingine, na hili nalisema kwa ufupi kwa sababu linanitia aibu. Niliazima mizani ya muuza makaa, nikawa napima uzito na kuutaja kwa sauti ili anayeandika asikie. Mmoja, miaka 13, hakurudi wiki iliyofuata, wala iliyofuata. Nilikwenda kwao kuomba radhi kwa bibi yake. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hata makaa hupimwa mnunuzi akiwa peke yake. Msichana alirudi. Mizani haikurudi.

Kwa sasa tunapima mara nne kwa mwaka, asubuhi, baada ya kula, saa ile ile, ukuta ule ule, na mabega yanakaguliwa na mimi mwenyewe kwa sababu najua yanavyosema uongo. Kila mtoto ana ukurasa wake na hasomi wa mwenzake. Urefu unaandikwa wa kwanza. Namba ikishuka tunaulizana: umekula, umelala, umekua, unaumwa wapi? Na ukifika wakati wa kuchagua majina ya kusafiri, daftari linabaki ndani ya mfuko; wanacheza watatu kwa watatu asubuhi nzima, mimi na wenzangu wawili tunaandika kila mtu kivyake, kisha tunagombana. Wazazi bado wananisimamisha Jumapili. Sasa sina pa kujificha, inabidi niwaambie nimeona nini. Mama mmoja alinijibu kwamba macho yangu yamechoka. Huenda.

Mwezi uliopita shule ilipaka ukuta rangi upya. Nilifika nikakuta manjano matupu kutoka chini hadi juu, ngazi yote imefutika, na sentimita zangu 71 pamoja nayo. Watoto walikuwa wameshapaka vidole chaki wakibishana nani aanze. Yule wa magoti, ambaye sasa ana miaka 17 na ananitazama kutoka juu, akanipa kipande cha chaki.

"Anza wewe, Resori."

Sijui nani aliwaambia jina hilo. Wote wakaanza kupiga makofi. Niliutazama ukuta, nikaitazama miguu yangu ya miaka 33, na mvulana mwembamba wa Ruashi tayari alikuwa amechuchumaa chini yangu kuangalia magoti yatatuaje.

Nikawaambia leo haiwezekani, sijakula.